Kabini Moja na Mkwe Wangu

Admin, nifichie jina, maana nusu ya familia yangu imo humu kundini. Mimi ni mama wa miaka themanini na kidogo, mjane, mzaliwa wa Kibabi, milimani kule Masisi. Anayebonyeza simu ni mjukuu wangu. Mimi ninasema, yeye anaandika, na nimemkataza kupunguza hata neno moja. Wiki ijayo natakiwa kupanda meli kwenda Bukavu kupasuliwa goti, na tangu mume wa binti yangu aniambie amechagua kabini gani, usingizi umenikimbia. Msianze kucheka. Someni kwanza.

Kwetu, wakati ule, mama mkwe na mume wa binti yake waliheshimiana kwa kukaa mbali. Hawali sahani moja, hawalali chumba kimoja, na mama hatakiwi hata kuona kitanda cha mkwe. Mwanaume akikaribia mahali mama mkwe alipo, anakohoa kidogo ili mama apate kupisha. Kikohozi kile ndicho kilikuwa hodi yetu.

Miaka ya sitini nilikuwa nimeolewa karibuni na mwalimu, naye akapewa kazi Bukavu. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa imekua. Mama yangu, mtu wa shamba la maharage ambaye hajawahi kukanyaga hata mtumbwi, akasema hataniacha nikazae kwa watu nisiowajua. Mvua ilikuwa imekata barabara ya Shasha iendayo Bukavu, basi tukashuka kwa lori hadi Goma kutafuta meli ya ziwani. Mume wangu alianza kutetemeka kwa malaria tangu Sake. Hata hivyo alitangulia bandarini mwenyewe kuchagua kabini, na alichagua kwa akili, siwezi kumsingizia. Ya chini aliikataa kwa ajili ya moshi wa mashine na mimba yangu. Ya mbele aliikataa kwa sababu mawimbi yanaipiga. Akapata ya katikati, kavu, yenye dirisha na vitanda vitatu. Alirudi anatabasamu na homa yake.

Mama alifika mlangoni, akachungulia, akatazama vile vitanda kimoja kimoja. Akanigeukia mimi, si mkwe wake.

“Bwana yako atalala wapi?”

Nikamwambia ni humu humu. Mume wangu, macho yake ukutani kwa heshima, akasema tutatundika kikwembe, kitenge changu, katikati. Mama akajibu, bado akisema na mimi: “Kikwembe haiko ukuta, mutoto wangu.” Mume wangu akataka kutoka ili yeye alale nje. Mama akakataa kabisa. Homa ilikuwa inamtikisa yule mwanaume mpaka meno yanagongana, na mama hakutaka kuonekana ndiye aliyemtoa mkwe kitandani. Kabini nyingine zote zilikuwa zimejaa.

“Bakia na bwana yako,” akaniambia. “Miye niko muntu ya milima, baridi inanijua.” Akaenda kukaa nje kwenye sitaha, kati ya magunia ya watu na makopo ya maziwa.

Tulipita mbele ya Bweremana jua lingalipo. Kisha upepo ukageuka, ziwa likawa jeusi, na mvua ikaja ikipiga kwa ubavu. Nilitoka na tumbo langu, nikamshika mama mkono, nikamlilia. Safari hii alikubali. Tukaja hadi mlangoni, nguo zake zikichuruzika maji. Akaingiza mguu mmoja ndani. Hapo mume wangu, chini ya blanketi, akakohoa.

Mara moja tu. Mama aliutoa ule mguu kama aliyekanyaga kaa la moto, akarudi kwenye mvua. Nilimwita, hakugeuka. Nilimrudia mume wangu kwa hasira ya kuua, nikamuuliza kwa nini amekohoa. Akasema, “Iko kifua tu. Iko homa.” Mpaka anakufa aliapa kwamba ilikuwa homa. Kuna siku nilimwamini. Kuna siku nilimtazama tu anavyokula nikamchukia.

Mama alishuka Bukavu ameshika mbavu. Ilikuwa nimonia, akafa kabla ya kumwona mtoto. Binti niliyemzaa nilimpa jina la mama, nikaapa kwamba desturi ile kwangu imekufa.

Binti huyo ndiye anayenisafirisha sasa. Mume wake ni mpole, hajawahi kunijibu vibaya, na amechagua vizuri kama marehemu alivyochagua: katikati, karibu na choo, pasipo ngazi, kwa ajili ya goti langu. Vitanda vitatu. Aliniambia tutakuwa sote, nisiogope. Na mimi niliyeapa, mwili wangu ulirudi nyuma wenyewe mpaka nikagonga kabati. Nikaomba nilale nje na akina mama wenye mizigo. Mkwe akaenda kumuuliza mke wake kama ninamwona mchafu. Nilivyosikia hivyo niliona aibu sana. Binti yangu alilia.

“Mama, ukienda inje, na miye naenda inje,” alisema. “Nitakaa kwa mvua sawa koko.”

Koko ni bibi yake, yule ambaye hakuwahi kumwona.

Watoto wangu, nataka kupanda meli hiyo. Nataka kutembea tena, na sitaki kumwona binti yangu kwenye sitaha. Lakini mkwe wangu amelelewa na watu wa kwetu, na najua atakohoa. Labda kwa heshima, labda kwa mafua, sitajua, kama nisivyojua kikohozi cha marehemu hadi leo. Kwa hiyo nishaurini, hasa ninyi akina mama wenye wakwe: nikiwa nimeshaingiza mguu mmoja ndani, naye akakohoa, huu wa pili niupeleke wapi?