Hadija Alinishukuru Mbele ya Watu

Alinishukuru mimi! Mtaa mzima unasikia, mkono wake umefungwa shingoni kwa khanga, Hadija akasema, "Namshukuru na huyu baba. Asingepiga kelele kule juu ya gari, nisingejua dereva amelewa." Watu wakapiga vigelegele. Na mimi mshenzi nikapiga makofi!

Jamani, dereva nilimlewesha mimi.

Mimi ni mkulima wa zabibu huku Mkonze. Shule sikufika mbali, ila kosa langu nalijua. Kwetu, msimu wa kuvuna, gari la kubeba zabibu haliondoki mpaka dereva aonje mvinyo wa kila mwenye shamba. Akikuruka, amekudharau. Ndivyo tulivyozoea.

Siku ile Yona, dereva wa Lameck mwenye gari, kwangu alifika mwisho. Macho mekundu. "Shikamoo mzee. Leo nisamehe tu, nimeonja kwa wote."

"Kwa Chilongani umekunywa, kwangu unakataa? Mvinyo wangu una nyoka?"

Wenzangu wakacheka. "Kunywa, dogo, usimuudhi mzee!" Akanywa. Nikamjazia tena! Halafu nikapanda nyuma juu ya makreti, safari ya soko la Majengo.

Hata hatujafika mbali, gari likaanza kuyumba. Mbele kuna shule, watoto ndio wanatoka. Nikagonga paa, "Yona, simama!" Wapi! Ndipo nikapiga kelele, "Mzuieni, amelewa!"

Hadija, mama wa Kondoa anayeuza chapati pale kwenye tuta la barabarani, akaacha moto wake. Gari lilipopunguza mwendo, akaingiza mkono dirishani akachomoa ufunguo. Likaserereka naye, likambana ukutani. Mtoto hakuguswa hata mmoja. Mimi nilirushwa chini, nyonga inaniuma mpaka leo. Ila yeye mkono wa kulia haukunjiki tena. Chapati atasukuma na nini?

Siku ya kumpongeza, nani alikaa meza kuu? Lameck! Ndiye aliyemvisha kitenge! Lameck huyuhuyu tuliyekuwa tukimpigia simu, "Bosi, Yona kalewa," naye anajibu, "Mradi zabibu zifike." Akahutubia weee, gari lake hakulitaja. Na Yona sasa anaendesha gari jingine la Lameck, barabara ya Chimwaga. Nimemwona kwa macho yangu!

Nilitaka nisimame niseme. Badala yake nikapiga makofi. Sasa nikipita pale, Hadija ananiita, "Baba, karibu chai!" Nakaza mwendo kama mwizi.

Wakulima wenzangu, dereva akisema inatosha, mwacheni! Heshima gani hiyo ya kumlazimisha mtu kikombe?

Na wewe mtendaji wa mtaa uliyeandaa pongezi zile, itisha mkutano tena, palepale, watu walewale. Safari hii tuite sisi: Yona aliyeshika usukani, Lameck aliyempa gari huku akijua, na mimi niliyemimina. Nitaanza mimi. Nikimaliza, Lameck asimame amwambie Hadija, nani atamlisha sasa mkono ule umeharibika?