Yule Aliyekuwa Akipangusa Kioo

Seleyian hajawahi kuiona bahari. Maji mengi zaidi aliyowahi kuyaona ni ya silanga, bwawa la kunyweshea mifugo la kwao Kajiado, mvua ikinyesha vizuri. Lakini kutwa nzima, katika ofisi iliyo juu ya duka la mbao hapa Kitengela, kazi yake ni kutazama watu wakivua.

Meli za jodari siku hizi hufungwa kamera, ili mwenye meli asidanganye kuhusu alichovua. Video huletwa hapa. Seleyian anamzungushia kila samaki kisanduku kwenye kompyuta, mashine inauliza: samaki gani? Naye anachagua. Binti yake mchanga humwacha kwa jirani kule Noonkopir. Kifua kikianza kuuma kwa maziwa anajua mtoto ameshaanza kulia.

Katika meli moja alikuwa amemzoea kijana wa kofia ya kijani, aliyesimama daima kando ya kamba ya kuvulia. Chumvi ikichafua kamera, ni yeye aliyepanda kupangusa kioo kwa mkono wa sweta, uso wake ukajaa skrini kama mtu anayekuchungulia dirishani. Seleyian alikuwa akimtabasamia, ingawa kijana hakuweza kumwona.

Kwao ng'ombe hawahesabiwi. Mtu husimama langoni jioni wakiingia, na asiyeingia anajulikana, kama ulimi unavyojua pengo la jino. Basi siku ile alipofungua video ya meli hiyo, moyo ulishtuka kabla ya macho. Wanaume wanavuta, jodari wanapanda, kofia ya kijani haipo. Kioo kikazidi kuwa na ukungu wa chumvi. Hakuna aliyekuja kupangusa.

Akarudi kwenye video ya kabla yake, ambayo hakuwa amepewa yeye. Wimbi lilipanda, likafunika kamera. Maji yalipoteremka, pale kando ya kamba palikuwa patupu. Wavuvi wenzake wakakimbilia ukingoni. Video ikakatika hapo.

Huyo naye kuna aliyemnyonyesha, Seleyian akawaza, akaenda kwa Kiama, msimamizi wao. Kiama si mtu mbaya. Alitazama mara mbili, akashusha sauti.

"Hii ni ya miezi iliyopita, mama. Na mkataba wetu ni wa samaki. Watu hawamo."

Saa ya chakula akampigia baba yake, mzee Katoo, akamweleza yote. Mzee aliuliza yale ambayo mchunga ng'ombe huuliza.

"Mwisho alionekana wapi?"

"Kando ya kamba, baba."

"Na nani ametoka kumtafuta?"

Kengele za ng'ombe zilisikika nyuma ya mzee kwenye simu.

Aliporudi mezani, akafungua tena video ile, akachora kisanduku pale patupu kijana alipokuwa akisimama siku zote. Mashine ikauliza: samaki gani? Chini kabisa kulikuwa na neno "haijulikani". Akalichagua, akatuma.

Kesho yake kisanduku kilirudishwa kwake na wakaguzi kikiwa na alama nyekundu. Kosa, iliandikwa. Hapa hakuna kitu.