Mzee wa Filamu Alivyonichagulia Kamera

Kwa miaka kumi na tisa nilipiga picha kwa filamu, na miaka hiyo yote filamu zangu zilisafishwa na mtu mmoja. Alikuwa Mkenya, mzee mrefu mwenye mabega yaliyoinama, aliyekuja Kampala akiwa kijana na kufungua chumba cha kusafisha picha juu ya duka la vitambaa katikati ya mji. Mimi ni binti wa polisi. Nilizaliwa katika kambi ya Naguru, baba yangu akiwa mtu wa kaskazini, na Kiswahili ndicho tulichozungumza na majirani. Kwa hiyo mimi na mzee tulielewana tangu siku ya kwanza. Kiganda changu kilikuwa cha sokoni tu, na chake kilikuwa kibovu kuliko changu.

Wateja wangu wa mwanzo walikuwa askari na wake zao pale kambini. Jumapili walikuja wamependeza, na mimi nikawa napata tabu. Watu wa kwetu ni weusi tii, na filamu haikuwapenda. Ukimpiga mtu aliyevaa shati jeupe, shati linang'aa kama taa na uso unapotea. Mzee ndiye aliyeziokoa nyuso hizo. Alichapa picha mara mbili, mara tatu, akiukinga uso kwa kipande cha kadibodi wakati mwanga unaangukia karatasi, mpaka macho na pua vitokeze. Aliwajua wateja wangu bila kukutana na hata mmoja wao. "Yule koplo mwenye kovu shavuni," aliwahi kuniambia, "usimpige tena kutoka kushoto. Anaonekana kama amekasirika, na mimi najua si mtu wa hasira."

Wenzangu walipohamia kamera za dijitali, mimi nilibaki. Nilisema napenda filamu, na ilikuwa kweli, lakini si kweli yote. Niliogopa. Nilikuwa nimejifunza kazi hii nikijua kwamba nikikosea, kuna mtu ghorofani atakayenirekebishia.

Asubuhi moja nilimpelekea filamu mbili za harusi. Alizipokea, akaziweka mezani, akazitazama bila kuzigusa.

"Mwanangu, dawa ya kusafishia iliyobaki ni ya mwezi huu tu," akasema. "Yule aliyekuwa akiniletea kutoka Nairobi ameacha biashara."

"Hakuna mwingine?"

"Nimetafuta. Hakuna."

Nikamwambia kwamba basi na mimi nitaacha, nitafute kazi nyingine. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Uache kupiga picha kwa sababu ya dawa? Jumamosi tunakwenda kutafuta kamera. Vaa shati jeupe."

Sikuelewa habari ya shati, lakini nililivaa. Tulipita maduka matatu tukitoka mikono mitupu. La nne lilikuwa kwenye ghorofa ya chini, mlango wake ukitazama barabara yenye jua kali. Muuzaji alikuwa dada mchangamfu, maji ya kunde, aliyetupangia kamera tano juu ya kioo cha meza na kuanza kutusomea sifa za kila moja.

"Nnyabo, hii ndiyo mpya," akaniambia, akiniita bibi kwa Kiganda. "Watu wote wanachukua hii. Picha yake unaweza kuikuza mpaka ijae ukuta."

"Hizo namba mimi sizijui," mzee akamkatiza kwa upole. "Tafadhali, dada, njoo usimame hapa mlangoni na binti yangu. Jua liwe nyuma yenu."

Dada akacheka, lakini akaja. Tukasimama bega kwa bega, yeye na weupe wake kidogo, mimi na weusi wangu na shati langu jeupe. Mzee akapiga kwa kamera ile mpya, akatuonyesha. Dada alitoka vizuri. Mimi nilikuwa shati lenye meno. Akajaribu ya pili, ya tatu. Katika moja nilikuwa wa kijivu kama majivu ya jikoni. Watu waliopita walianza kusimama kututazama, nikaona aibu, lakini mzee hakuharakisha.

Ya tano ilikuwa ya zamani, imeshatumiwa na mtu, rangi imetoka pembeni pale vidole vinaposhika. Alipiga, akatazama kioo chake kidogo kwa muda mrefu. Kisha akanipa.

Nilijiona. Paji langu lilikuwa na mng'ao ule wa kweli, macho yalikuwepo, hata mkunjo mdogo karibu na mdomo ambao nimeurithi kwa baba. Na kola ya shati ilionekana mshono wake. Hakuna mtu aliyekuwa ameniokoa kwenye chumba cha giza.

"Hii haihitaji mtu wa kuirekebisha," mzee akasema, akatoka nje.

Nilidhani ameumia moyoni, nikamfuata mbio. Nikamkuta amesimama kivulini anajifuta jasho. "Kailipie upesi," akasema, "kisha unitafutie chai. Miguu yangu si ya maduka manne."

Kazi ya kwanza ya kamera hiyo ilikuwa mahafali huko Kyambogo. Binti mmoja aliyehitimu ualimu alinipata uwanjani, akiwa na mama yake aliyevalia gauni la gomesi la zambarau. Nilimpiga binti peke yake, kisha, kama mgonjwa wa maradhi mapya, nikainamisha kichwa kuitazama picha. Nilikuwa bado naitazama niliposikia vigelegele. Nilipoinua macho, binti alikuwa amemvika mama yake kofia ya mahafali, na mama alikuwa amekwisha kucheza, anaivua huku anacheka na machozi yanatiririka.

"Umeipata hiyo?" binti akaniuliza.

Ulimi ulitaka kusema ndiyo. "Sikuipata, dada. Nilikuwa natazama kioo. Nisamehe."

Nikatamani kuondoka. Mama yake ndiye aliyesema, "Si nipo hapa? Nivike tena."

Akamvika. Lakini sasa mama alijua kamera inamtazama, akakakamaa kama anapigwa picha ya pasipoti, mikono imenyooka, midomo imefungwa. Nikapiga. Sikuinama kutazama.

Wiki mbili baadaye binti alinipigia simu akitaka nakala nyingine ya ile picha ya mama mwenye kofia. Mama yake alikuwa ameipeleka nakala ya kwanza kwa dada yake kijijini, na dada mtu alikuwa amekataa kuirudisha. "Mama anasema," binti akaniambia, "hajawahi kutoka pichani na heshima kama hiyo."