Elfu Tisini na Tisa, Mia Tisa Tisini na Moja

Kibao cha kuandikia kikifutwa kwa mate hutoa harufu kama ya udongo ulionyeshewa, na darasa letu kwa masista wa Kadutu lilinuka hivyo kutwa, miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mjuaji, na roho mbaya. Sisemi hivyo ili nihurumiwe. Nsimire, rafiki yangu na jirani yetu wa mtaa wa Cimpunda, alinishinda akili, na jambo hilo lilinikera kuliko njaa.

Mwaka ule nafasi ya kwenda shule ya waalimu ilikuwa moja tu. Sista wetu alitusimamisha mimi na Nsimire, akaandika ubaoni 99,991. “Mutaniletea namba yenye kuigawanya bila kubakisha kitu. Ijumaa. Mwenye kushindwa ataenda kulima.” Hakusema kwamba huenda hakuna. Nasi tulilelewa kuamini kwamba sista akiuliza, jibu lipo. Kumwambia halipo ni utovu wa adabu.

Nilijumlisha tarakimu zake nikapata thelathini na saba, kwa hiyo tatu haikuingia. Saba ilibakisha tatu. Kumi na moja ilibakisha moja, moja tu jamani, nikataka kulia! Nilijaribu namba tasa zote, moja baada ya nyingine, hadi vidole vikapasuka kwa chaki. Nilipofika 313 nikakoma, maana 317 mara 317 inaipita 99,991, na kigawanyo kikubwa lazima kiwe na mwenzake mdogo, ambaye ningekwisha kumkuta. Namba sitini na tano, na hakuna hata moja iliyoingia. Basi 99,991 yenyewe ilikuwa tasa.

Nsimire alikuwa nyuma sana. Mama yake aliugua, na kila alasiri alibeba mdogo wake mgongoni. Alhamisi alinikuta bombani. “Furaha, weye umepata?”

“Nimepata. Ni mia tatu na saba. Usimwambie mutu.”

Alinikumbatia, ndoo ikamwagika.

Ijumaa aliandika 307. Sista alimchapa viganja vyote viwili mbele ya darasa, akimwita muongo na mvivu. Kisha nikasimama, nikamwita Masere kama tulivyowaita masista wote. “Masere, hii namba haina ya kuigawanya.” Sista akatikisa kichwa kukubali. Nsimire alinitazama, na hakunishtaki. Wenzetu walicheka, nami nikacheka, Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti kuliko wote. Kabla ya mavuno alipelekwa kijijini Walungu kulima, halafu akaozwa.

Mimi nimefundisha hesabu mpaka nimezeeka. Siku hizi mjukuu wangu anaiandika namba ile kwenye simu, na jibu linatoka kabla sijavaa miwani. Kazi iliyonipasua vidole imekuwa mchezo, ila aibu yake haijapungua hata kidogo. Mwaka jana nilimkuta Nsimire nje ya kanisa, mikono imekauka kwa jembe. Nilimwambia yote. Nilidhani atanitemea mate.

“Ile asubuhi niligawanya hiyo 307 yako,” akasema. “Ilibakia mia mbili na kumi na sita. Nikarudilia, ikabakia tena. Nikajisemea, Furaha hawezi kunidanganya, ni miye nimekosea.”

Kisha akaniuliza kama nimekula.