Kengele Ambayo Mama Yangu Hakupigiwa

Admin, nifichie jina, maana washirika wenzangu wa kanisani humu wamejaa. Mimi ni mama wa miaka 41, nauza vitenge hapa Tunduma, na naimba kwaya tangu usichana wangu.

Mama alitulea peke yake kwa kuuza mchele. Wateja wake walikuwa Wazambia waliovuka mpaka kila Jumapili, siku yao ya mapumziko, kwa hiyo na yeye aliuza Jumapili. Wazee wa kanisa wakamwonya, hakuacha, wakamtenga. Akafariki akiwa bado ametengwa. Kwetu mshirika akifa kengele inapigwa, na mchungaji anamsindikiza hadi kaburini. Mama yangu tulimzika na majirani tu, kimya. Hata kwaya yangu ilikatazwa kuja.

Leo kanisa hilohilo limejenga fremu za maduka upande wa barabarani, na Jumapili ziko wazi. Mkuki kwa nguruwe! Ibada inarushwa kwenye simu; ukisikiliza huku unapima kitenge, unahesabiwa umehudhuria. Kengele yenyewe siku hizi ni sauti iliyorekodiwa, inatoka kwenye spika. Kila ikilia naduwaa, mteja anauliza bei simsikii. Na namuota mama amesimama nje ya mlango wa kanisa na beseni lake la mchele. Namwita, haingii.

Nikamwendea mchungaji wetu mpya, kijana mpole. "Baba mchungaji, naomba mama yangu naye apigiwe kengele."

Akasema, "Inawezekana, mama. Ila utaratibu wa kumrudisha mtu kundini haujabadilika, lazima atubu. Kwa kuwa hayupo, utasimama wewe mbele ya washirika, useme mama yako alikosa."

"Alikosa nini, baba, na fremu zenu ziko wazi?"

Akainamisha kichwa. "Wakati ule lilikuwa kosa."

Nililia kwa hasira njia nzima. Mama mdogo ananibembeleza: "Sema tu, mwanangu. Maneno hayavunji mfupa. Dada yangu apumzike."

Jina langu limeshatangazwa kanisani, nisimame Jumapili ijayo. Mchele ule ndio ulioninunulia sare yangu ya kwanza ya kwaya. Nimechoka kumuona pale mlangoni, jamani. Ninyi mliozika wazazi wenu kwa kengele, niambieni: nimwite mama yangu mkosaji ili aingie, au nimwache nje na heshima yake?