Mama Anayerusha Nyimbo Machimboni

Kule machimboni Nyamongo, mama anayewarushia wachimbaji nyimbo na picha huipuliza simu yako kwanza, pale kwenye tundu la chaji, maana vumbi la mawe halina adabu. Kisha huifuta kwa ncha ya kanga, huchomeka waya kwenye kompyuta, na mafaili yakianza kuhama yeye hugeuza uso ukutani. "Ya mtu ni ya mtu," husema, vidole vikigonga meza kama anayeharakisha ng'ombe. Siku moja akaja Maduhu, Msukuma mmoja mchimbaji, mbio na tope lake. Mkewe kamtumia video ya mtoto anaanza kutembea, na simu ikaangukia duarani, shimoni wanakochimba, kabla hajaitazama.

"Kioo kimekufa, mama."

"Kimepofuka tu. Bado kinasikia kidole. Kufuli yako ni ipi?"

"Kuchora M."

"M ya Maduhu? Wewe nawe unajipenda!"

"Ya Mbuke, mtoto mwenyewe."

Mama akacheka, akachomeka waya, akaichora M juu ya weusi ule, kidole kikapapasa kutafuta neno "Ruhusu" la kuifungulia kompyuta, kama anayetafuta kiberiti umeme ukikatika. Akabonyeza. Kompyuta ikalia ting! Wachimbaji wakajaa mlangoni. Video ikafunguka: mtoto huyo, anayumba, anaanguka, anainuka, anakuja! Maduhu akapiga goti, akaikunjulia kompyuta mikono. Na yule mama wa kutazama ukuta ndiye aliyepiga kelele kuliko wote: "Njoo, Mbuke! Njoo kwa baba, njoo!"