Kahawa Niliyomlisha Mkamwana Wangu

Siku tunamzika mume wangu, mkamwana wangu aliondoka kaburini mara nne akakimbilia migombani.

Mara nne! Padre anaomba, yeye mbio. Udongo unashuka, huyo tena.

Wifi yangu Kantengwa akaninong'oneza, "Mama Rogasian, huyo mwanamke wenu ana nini huko migombani? Au kuna mtu anamsubiri?"

"Nyamaza wifi, tuzike kwanza."

Lakini neno lilishaniingia.

Jamani, niwatege kidogo. Nina mgonjwa: hana homa, hana kidonda, wala hajakonda. Majirani wanamwona mzima, naye halali. Ni nani?

Msijisumbue. Ni Placidia, mke wa mwanangu Rogasian.

Alikuja kwetu Nyabiyonza kutoka Kihanga. Mwaka wa pili wa ndoa kibofu kikaanza kumwandama. Haja ndogo kila mara, mkojo wenyewe matone, na chini ya kitovu kama kuna kaa la moto.

Zahanati wakimpima, mkojo msafi. Anapewa vidonge vya UTI, anamaliza, maumivu yako palepale.

Akaacha kunywa maji ili asiende chooni. Ndiyo kwanza yakazidi.

Watu wakasema ana gonjwa la zinaa. Rogasian akahamia kulala sebuleni. Mimi nikasema, huyu mtoto nitamponya kwa upendo.

Mnajua kwetu hakuna kukaribishwa bila punje za kahawa za kutafuna. Tunazichemsha na majani yake ya harufu, tunazikausha, tunaziweka kwenye kikapu kidogo. Kila asubuhi nilimpelekea mwenyewe.

"Chukua mwanangu, upate nguvu."

"Asante mama." Anapiga goti, anapokea kwa mikono miwili, anatafuna.

Siku akizidiwa, nilimwongezea. Yaani mimi!

Miezi miwili baada ya mazishi, Rogasian akamrudisha kwao.

"Mama, nimechoka. Kila kipimo safi. Anaigiza huyo."

Anaigiza? Miaka saba? Kichwa kikapata moto. Nikapanda bodaboda mpaka Kihanga, nikamchukua Placidia, tukaenda hospitali ya Nyakahanga.

Nesi Benadeta hakutuharakisha. Akampa daftari. "Andika unachokula, unachokunywa, na siku ilivyouma. Mje baada ya wiki nne."

Tuliporudi, daktari akatuambia yapo maumivu ya kibofu yasiyo na mdudu. Kipimo kinakuwa safi, na mtu anaumia kweli. Hakuna dawa ya kuyafuta mara moja, ila yanatulizwa. Anywe maji kidogo kidogo kutwa nzima. Ajikande tumboni kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Akibanwa, ajizoeze kusubiri dakika chache, kisha aziongeze taratibu. Na aache vinavyomchokoza, maana kila mgonjwa ana vyake.

Nesi akafunua daftari. Wiki nne zote zilikuwa na nafuu, isipokuwa siku moja mbaya kabisa.

"Siku hii ulikula nini?"

Placidia akainamisha macho. Mimi nikaikumbuka. Ndiyo siku niliyokwenda kumsalimia kwao Kihanga na kikapu changu.

"Kahawa," nikajibu mimi.

Tulipotoka nje nikakaa kwenye benchi.

"Mwanangu, nimekuunguza bila kujua."

"Mimi nilijua, mama."

"Ulijua?"

"Tangu mwaka ule ulioanza ugonjwa. Nikitafuna tu, lile kaa la moto tumboni linawaka."

"Weee! Mbona hukusema?"

"Ningekataaje, mama? Anayekataa kahawa ya nyumba wanasema anaogopa sumu. Wangesema nakuita mchawi."

Nililia mpaka watu wakageuka kutazama.

"Basi twende nyumbani. Rogasian nitamweleza, na kahawa hutaiona tena."

Akanishika mkono.

"Mama, nakupenda. Lakini kwetu Kihanga nikisema hapana, hakuna anayekasirika. Nimeshazoea."

Akapanda bodaboda yake, nami yangu.

Wenzangu wenye wakwe, mtu akiwaambia anaumia, mwaminini hata kama kipimo kinasema hana kitu. Na mkimpa kitu kwa upendo, mwacheni awe huru kukikataa. Mimi wangu hakuwahi kuwa huru. Alitafuna miaka saba, na kila siku alinishukuru.